Panchi inavunjika, washa zina wembe, dai imepasuka: washa za 30 mm kwenye shiti ya 2 mm

Fundi Bati

Habari zenu wakuu. Naomba msaada wa wanaojua dai vizuri, yaani bamba la chuma lenye tundu ambamo panchi inashuka na kukata shiti.

Kazi ni washa kubwa za boliti M10: kipenyo cha nje 30 mm, tundu 10.5 mm, shiti nyeusi ya chuma laini, unene 2 mm. Presi zilizopo ni mbili: fremu ya kuchomelea yenye jeki ya tani 20 inayorudishwa na springi mbili za pembeni, na presi ya skrubu ya kuzungusha kwa mkono. Dai nazo ni mbili, moja ya kutoboa tundu na moja ya kukata duara. Zote zimekerezwa kutoka springi ya lori, zikapashwa moto kwa mkaa na kuchovywa kwenye maji. Nafasi kati ya panchi na dai ni 0.05 mm kwa kipenyo kizima.

Matatizo:

Panchi ya tundu inavunjika shingoni. Na haivunjiki inaposhuka, inavunjika inapotolewa.

Washa zinatoka na wembe (chuma chembamba kilichochomoza ukingoni) upande mmoja wa duara, mkali kabisa, wakati upande wa pili ni safi.

Dai ya 30 imepasuka kabla haijafanya kazi. Ufa umetoka tundu la boliti hadi tundu la katikati, saa chache baada ya kuchovywa.

Maswali: nafasi sahihi ni ipi? Tani 20 zinatosha kutoboa na kukata kwa pigo moja? Na chuma kipi kinafaa kwa dai zenyewe?

---

Mkerezaji Mkuu

Karibu fundi. Nianze na nafasi, maana hapo ndipo matatizo yako mawili ya kwanza yanapoanzia.

Panchi haikati shiti kama mkasi mpaka mwisho. Inazama kwanza, kwa chuma laini cha 2 mm inafika kama theluthi moja ya unene hadi nusu hivi, halafu ufa unaanza kwenye makali ya panchi na mwingine kwenye makali ya dai. Nafasi ikiwa sahihi, nyufa hizo mbili zinakutana na kipande kinaachia chenyewe. Ikiwa ndogo mno zinapishana, na chuma kilichobaki katikati kinalazimika kukatwa mara ya pili. Hapo nguvu inaongezeka, joto linaongezeka, na tundu linaing'ang'ania panchi pande zote. Wakati wa kuivuta lazima ipate taabu.

Kwa chuma laini cha 2 mm acha asilimia 7 ya unene kila upande. Hiyo ni 0.14 mm kila upande, yaani 0.28 mm kwa kipenyo. Wewe umeacha 0.05 kwa kipenyo, sawa na 0.025 kila upande. Ni ndogo zaidi ya mara tano.

Sasa ujue nafasi hiyo inatolewa wapi, maana wengi wanaigawa nusu kwa nusu na vipimo vinapotea. Ukitoboa tundu, kipimo cha tundu kinafuata panchi. Ukikata kipande, kipimo cha kipande kinafuata dai. Kwa hiyo:

Tundu: panchi 10.55, dai 10.83. Hiyo 0.05 ya juu ni kwa sababu tundu hujibana kidogo panchi ikishatoka.

Duara: dai 30.00, panchi 29.72.

Jifunze pia kusoma ukingo wa kipande. Chukua washa moja, iegemeze kwenye mwanga wa dirisha na uangalie unene wake kwa kioo cha kukuzia. Kwenye washa nzuri utaona kwanza kona iliyojikunja kidogo, halafu mkanda unaong'aa wenye upana wa kama theluthi ya unene, halafu sehemu ya kijivu iliyokwaruzika, mwisho wembe mdogo usiozidi 0.1 mm. Ukiona mikanda miwili inayong'aa na ya kijivu katikati yake, nafasi inabana. Ukiona kona imejikunja sana, mkanda unaong'aa ni mwembamba na wembe ni mrefu kuzunguka duara lote, nafasi imezidi au makali yamekufa.

Wembe wako uko upande mmoja tu. Hiyo si habari ya ukubwa wa nafasi, ni panchi kukaa pembeni ya kitovu cha dai. Upande mmoja imegusana na dai, upande wa pili imeachia. Fremu ya jeki haina kitu cha kuiongoza panchi. Kichwa cha jeki kinacheza, na 0.025 uliyoacha inaliwa yote. Weka karatasi nyembamba ya daftari juu ya dai, shusha panchi taratibu kwa mkono. Karatasi ikikatika duara zima kwa wakati mmoja, kitovu kiko sawa. Ikikatika upande mmoja na kuchanika upande wa pili, sogeza.

---

Jua Kali 254

Nimesoma. Mkerezaji amesema kweli kuhusu nafasi, lakini panchi kuvunjika ikitoka kuna sababu nyingine kubwa zaidi kwa presi ya aina yako, na ukirekebisha nafasi peke yake itaendelea kuvunjika.

Hesabu kwanza. Nguvu ya kukata ni mzingo wa tundu, mara unene, mara nguvu ya chuma kustahimili kukatwa. Chuma laini chukua niutoni 340 kwa kila milimita ya mraba.

Tundu: 3.14 × 10.5 × 2 × 340 = niutoni 22,400, kama tani 2.3.
Duara: 3.14 × 30 × 2 × 340 = niutoni 64,100, kama tani 6.5.

Kwa pigo moja ni tani 8.8. Ongeza theluthi kwa ajili ya makali yanayochoka, unafika karibu tani 12. Jeki ya tani 20 inatosha bila shida.

Sasa kuvua. Nguvu ya kuichomoa panchi kutoka kwenye shiti ni asilimia 10 hadi 20 ya ile ya kukata. Kwa tundu lako ni kilo 230 hadi 460, na hiyo ni kama nafasi ni sahihi. Je, zile springi mbili za fremu yako zinavuta kilo 400? Hazivuti. Kazi yake ni kurudisha jeki tu. Kwa hiyo panchi inabaki imekwama kwenye shiti, na kitakachofuata ni kutikisa shiti juu chini au kuipiga nyundo. Panchi iliyokazwa namna hiyo inavumilia kusukumwa wima, haivumilii kupindwa. Shingo inakwenda.

Kwa hiyo bamba la kuvulia (linaloizuia shiti isipande na panchi) lililofungwa tu juu ya dai halitakusaidia kwenye jeki, maana linahitaji presi ivute. Unahitaji bamba linalosukuma lenyewe. Lining'inize kwenye bamba la juu la dai kwa boliti 4 zenye mabega, katikati weka vipande vya raba ngumu ya poliyurethani. Panchi ikishuka bamba linagusa shiti kwanza na kuibana, raba inajibana, panchi inakata. Ukifungua vali ya jeki, raba zinasukuma shiti chini na panchi inachomoka wima. Dai ya tundu peke yake inahitaji kilo kama 500 raba zikiwa zimebanwa. Ukitoboa na kukata kwenye dai moja, hesabu asilimia ileile kwa tani 8.8 zote: kati ya kilo 900 na 1,800. Na kabla ya kukata, bamba litangulie uso wa panchi kwa 1 mm, ili shiti ibanwe kabla haijaguswa.

Kwenye presi ya skrubu ni tofauti. Skrubu inavuta kwa nguvu ileile inayosukuma, kwa hiyo bamba lililofungwa juu ya dai linafaa sana. Acha uwazi wa 3.5 hadi 4 mm kati ya dai na bamba, shiti ya 2 mm ipite. Kidole hakiingii hapo, na hiyo peke yake ni sababu ya kutosha kulipenda.

Umbo la panchi nalo liangalie. Shina liwe 16 mm, ncha ya 10.55 iwe na urefu wa 22 mm tu: 10 za bamba la kuvulia, 4 za uwazi, 2 za kuingia ndani ya dai, 6 za akiba ya kunoa. Pale ncha inapokutana na shina weka mviringo wa nusu kipenyo 3 mm. Kona kali iliyoachwa na kisu cha kukerezea ndiyo inayoanzisha ufa, na panchi yako inavunjika hapohapo. Piga msasa eneo hilo kwa kufuata urefu wa panchi mpaka mistari ya kukereza iishe.

Halafu vidonge. Vile vipande vya 10.5 vinavyobaki ndani ya dai vinaanguka? Tundu la dai likiwa sawasawa kutoka juu hadi chini, vinapangana, vinabanana, na kila pigo linasukuma vyote. Acha 4 mm tu za juu zikiwa na kipimo kamili, kisha toboa kutoka chini kwa 12 mm. Bamba la chini la presi nalo liwe na tundu kubwa zaidi ya hapo, vidonge viende zake.

---

Mama Karakana

Mimi niongelee matiko, yaani kupasha chuma na kukichovya ili kiwe kigumu, maana dai iliyopasuka haikupasuka kwa bahati mbaya.

Springi za lori zinafaa kwa idadi ya kawaida, na Gerezani (Dar es Salaam) au Kamukunji (Nairobi) zipo tele. Lakini ni chuma chenye kaboni ya kama asilimia 0.5 hadi 0.6 pamoja na kromiamu au silikoni, na chuma cha namna hiyo kinachovywa kwenye oili. Maji yanakipoza kwa kasi mno: nje kinakuwa kigumu wakati ndani bado kinabadilika na kutanuka. Ufa unatafuta sehemu nyembamba, na sehemu nyembamba kwenye dai yako ni ule ukuta kati ya tundu la boliti na tundu la kukatia. Kupasuka saa chache baadaye maana yake ni kwamba haikupewa moto wa pili mapema. Chuma kilichotoka kuchovywa kina mvutano mkubwa ndani yake, kisilazwe hivyo mpaka kesho.

Fuata hivi.

Vipimo kwanza. Dai iwe na unene wa 20 hadi 25 mm. Kutoka ukingo wa tundu la kukatia hadi nje ya dai kusipungue unene wa dai wenyewe, na ikifika mara 1.5 ni bora zaidi. Matundu ya boliti yasogeze pembeni, umbali usiwe chini ya mara 2 ya kipenyo chake. Pindua kona zote kali za matundu hayo kwa drili kubwa, juu na chini. Usigonge namba wala alama karibu na tundu la kukatia kabla ya matiko, kila alama ni mwanzo wa ufa.

Kereza au saga ukiacha 0.3 mm juu na chini, utaziondoa baada ya matiko. Ngozi ya juu inapoteza kaboni motoni na ikibaki makali hayatadumu.

Ziba matundu ya boliti kwa udongo wa mfinyanzi na uuache ukauke kabisa.

Pasha taratibu. Kwenye mkaa, upepo wa blowa usipige dai moja kwa moja. Jenga kisanduku cha matofali ya moto, dai ikae katikati ya makaa na igeuzwe. Kila baada ya muda gusa kwa sumaku iliyofungwa kwenye waya. Sumaku ikiacha kushika, kwenye nyuzi 770 hivi, endelea mpaka rangi iongezeke hatua moja, kutoka nyekundu ya cheri kuelekea nyekundu angavu. Kwa springi hiyo ni kati ya nyuzi 830 na 860. Fanya kazi hii kivulini, juani macho yanadanganya rangi. Ikishafikia, iache dakika kadhaa joto lifike katikati.

Oili ipashwe kwanza hadi nyuzi 50 au 60, iwe nyingi, lita 10 zisizopungua kwa dai moja, kwenye ndoo ya chuma yenye mfuniko karibu maana inawaka. Ingiza dai ikiwa wima, ichezeshe juu chini, usiizungushe pembeni. Itoe ikiwa bado ya kushikika kwa shida mkononi.

Hapohapo, moto wa pili. Safisha uso kwa msasa mpaka ung'ae ili uone rangi. Oveni yenye kipimo weka nyuzi 200 hadi 220 kwa saa moja, iache ipoe, rudia. Bila oveni, ilaze dai juu ya bamba nene la chuma lililopashwa na uangalie rangi ikipanda: manjano ya majani makavu ndiyo unayotaka kwenye dai. Kwa panchi pasha kutokea shina: shina lifike bluu, ncha ibaki manjano inayoanza kuwa kahawia. Shina likibaki gumu kama ncha, ndipo linapovunjika.

Kama kazi ni ya maelfu kila mwezi, nunua chuma cha zana aina ya O1. Inatiwa matiko kwenye nyuzi 790 hadi 820, inachovywa kwenye oili, haipindi sana na inashika makali. Aina ya D2 inadumu zaidi, lakini inataka zaidi ya nyuzi 1,000 zilizopimwa, na hiyo si kazi ya mkaa.

---

Fundi Bati

Asanteni sana, hasa hilo la springi za jeki kutokuwa na nguvu ya kuvua. Ni kweli shiti hutolewa kwa kutikisa.

Nyongeza: nikitengeneza dai moja inayotoboa na kukata kwenye mkanda uleule wa shiti, mpangilio uweje? Na shiti ya 1220 × 2440 inatoa washa ngapi?

---

Mkerezaji Mkuu

Weka vituo viwili kwenye dai moja. Kituo cha kwanza kinatoboa, mkanda unasogea hatua moja, kituo cha pili kinakata duara kuzunguka tundu lililokwisha kutobolewa. Chini ya panchi ya 30 weka pini ya kitovu yenye 10.45 mm, ncha imechongwa mviringo, itangulie uso wa panchi kwa 3 mm. Inaingia kwenye tundu na kuuvuta mkanda ukae sawa kabla panchi haijagusa. Bila pini hiyo tundu litakuwa pembeni, haijalishi umeweka kizuizi kizuri kiasi gani cha kuusimamisha mkanda.

Panchi ya tundu iwe fupi kuliko ya duara kwa 1.5 mm. Kubwa inamaliza kukata ndipo ndogo inaanza, kwa hiyo mzigo wa juu unakuwa tani 6.5 badala ya 8.8, na mshtuko wa kubwa kuachia hauitikisi nyembamba ikiwa ndani ya chuma.

Nguzo mbili za kuongozea ni lazima, hapa sibishani. Fimbo za shokabzoba zenye kromiamu zinafaa kama hazijapinda, na bushi za shaba zilizokerezwa zikaachiwa 0.02 mm. Ukiwa na nguzo, kichwa cha jeki kinasukuma tu, hakiongozi. Kwa hiyo usikifunge kwenye bamba la juu, kiache kiguse katikati.

Mkanda: kati ya washa na washa acha 2 mm, kingo za pembeni 2.5 mm. Hatua inakuwa 32 mm, upana wa mkanda 35 mm. Ukikata mikanda kwa urefu wa 2440 unapata mikanda 34 yenye washa 76 kila mmoja, jumla 2,584. Ukikata kwa upande wa 1220 unapata mikanda 69 yenye washa 38, jumla 2,622. Kata kwa upande mfupi. Mkanda mfupi pia haukusumbui kuulisha.

---

Jua Kali 254

Hapo kwenye mkanda unaweza kupata zaidi. Shiti ya 2 mm ya ukubwa huo ina kilo 46.7, na washa moja ina gramu 9.7. Washa 2,622 ni kilo 25.5, yaani karibu nusu ya chuma ulicholipia inakwenda kwa wauza chakavu.

Panga safu mbili zinazopishana. Upana wa mkanda uwe 63 mm. Pitisha mara ya kwanza upate safu ya washa 38, kisha uzungushe mkanda nusu mduara ukiwa umelala vilevile, mkia uwe mbele. Usiupindue juu chini, la sivyo wembe wa safu ya pili utatoka uso wa pili. Anza safu hiyo ukiwa umesogea nusu hatua, 16 mm, kwa kizuizi cha kidole, upate washa 37. Mikanda 38 ya namna hiyo inatoa 2,850, na mabaki ya shiti yanatosha mkanda mmoja wa 35 mm: 38 nyingine. Jumla 2,888. Ni washa 266 zaidi kwa shiti ileile. Reli za kuongozea ziwe za kufungua, ili dai ileile ipokee mikanda yote miwili.

---

Mama Karakana

Nyongeza ya kunoa, maana ndiyo inayoamua dai itaishi muda gani. Shiti nyeusi ina magamba ya kiwandani ambayo yanasaga makali, kwa hiyo pitisha brashi ya waya na upake oili nyepesi juu na chini kabla ya kulisha. Usisubiri wembe uwe mrefu. Elekeza tochi kwenye makali ya panchi: makali mazima hayaakisi kitu, makali yaliyokufa yanaonyesha mstari mwembamba unaometa. Ukiuona mstari huo, saga uso kwa 0.1 hadi 0.2 mm, kidogokidogo, kwa maji. Uso ukigeuka bluu umeua matiko na itabidi usage mpaka bluu iishe. Dai isage uso wa juu tu, usiguse ndani ya tundu. Na kila ukisaga panchi ya duara, pima tena ile tofauti ya 1.5 mm na panchi ya tundu, na ile 3 mm ya pini.